Kodi nafuu, gharama zilizojificha

Swali: Natafuta nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala, nje kidogo ya mji. Nitajuaje kama kodi ni nafuu kweli?

Jibu: Jumlisha kodi, maji, umeme, taka na nauli ya mwezi mzima, kwa kuwa umbali unaweza kula unafuu wote. Uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako, kwa sababu mita ya kushirikiana mara nyingi huzaa ugomvi. Fungua mabomba yote, kisha tazama dari: madoa ya kahawia mara nyingi ni dalili ya paa linalovuja. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya? Ushuku unyevu. Usilipe amana kabla ya kuthibitisha mwenye nyumba ni nani na kusoma mkataba, hasa kipengele cha kurudishiwa amana. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila dosari.