Namna ya kunadi ulimwengu mpya kwa wachezaji wako

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayeongoza hadithi, akitaka kuanzisha kampeni mpya (hadithi inayoendelea kikao baada ya kikao) mara nyingi huja na daftari zima: nasaba za masultani, ramani, mizimu, vita vya karne tatu. Wachezaji husikiliza kwa adabu, kisha mmoja anauliza, "Sasa sisi tutakuwa tunafanya nini?" Jibu la swali hilo ndilo linalowarudisha watu wiki ijayo. Kwa hiyo anza nalo.

Chukua mfano wa huku kwetu Kusini mwa Tanzania. Tangazo lako lisizidi maneno 60, na lisomeke hivi:

"Kilwa Kisiwani, mwaka 1331. Ninyi ni mabaharia wa mtepe mmoja wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na chombo bado kina deni kwa tajiri wa mjini. Mnashuka na upepo wa Kaskazi hadi Sofala kufuata dhahabu, mnarudi na Kusi. Kila kikao ni bandari moja: kuna mzigo wa kufikisha, na kuna mtu asiyetaka ufike. Mkikosa upepo wa kurudi, mnakwama ugenini na deni linakua."

Humo mchezaji amepata mambo manne: yeye ni nani, kazi yake kila kikao ni ipi, nani anampinga, na akishindwa anaumia wapi. Kikikosekana kimoja, tangazo linalegea. Linalosahaulika zaidi ni kazi ya kila kikao. Mwandaaji anaeleza mji vizuri sana, lakini mchezaji haoni Jumamosi ya tatu itakuwaje.

Angalia pia kilichoachwa nje. Mwaka huo wa 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Ni hazina kweli, lakini ikae kwenye daftari lako mpaka wahusika wapande ngazi za jumba hilo wenyewe. Kwenye tangazo weka ukweli unaoendesha mchezo, na hapa ukweli huo ni upepo. Kilwa ilitajirika kwa sababu chombo kutoka Arabuni kiliweza kufika pale na kurudi kwa mzunguko mmoja wa pepo. Kwenda mpaka Sofala, kusini zaidi katika Msumbiji ya leo, kulihitaji muda zaidi. Dhahabu ikapitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Mchezaji akielewa hilo tu, ameshajua kwa nini kila siku ya kuchelewa bandarini ina gharama.

Usilete tangazo moja. Leta matatu, yatofautiane kwa kazi na siyo kwa mandhari tu. La pili linaweza kuwa Tendaguru mwaka 1909, nje ya Lindi, Wajerumani wakichimba mifupa ya dinosaria: wahusika ni wapagazi wanaoibeba hadi bandarini, vita vya Maji Maji vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na mzigo mmoja una kitu kisicho mfupa. La tatu, Mtwara ya leo: msimu wa korosho, stakabadhi za ghala zimetolewa, magunia yanapungua ghalani kabla ya mnada, na wahusika wametumwa na wakulima kuchunguza. Safari, hofu, uchunguzi. Mtu anaona haraka moyo wake uko wapi.

Sasa kura, na hapa adabu yetu inatuponza. Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp utapata "yoyote tu, kaka" kutoka kwa wote, kisha kikao cha nne wawili hawaonekani. Muulize kila mtu faraghani maswali mawili: lipi unalitaka zaidi, na lipi hulitaki kabisa? Lililokataliwa na hata mmoja litoke. Kwa meza ya wachezaji wanne au watano, pendo la pili la watu wote ni salama kuliko penzi kubwa la wawili.

Kabla ya kukubaliana, sema wazi yatakayokuwemo na yasiyokuwemo. Biashara ya watumwa ya Kilwa Kivinje, vifo vya Maji Maji, uchawi: haya yana uzito majumbani mwa watu, na mchezaji ana haki ya kujua mapema kama yatatokea mbele yake au yatatajwa kwa mbali. Siri za jando na unyago, na nani yuko ndani ya barakoa ya mapiko, ngoma ya Wamakonde, usizifanye fumbo la kufichuliwa mezani. Zina wenyewe.

Kanuni za mchezo zibaki zilezile ambazo kundi linazijua. Ulimwengu mpya pamoja na kanuni mpya ni mizigo miwili, na mchezaji atailaumu Kilwa kwa kosa la dadu. Kama kundi ni geni kabisa, tumia dadu mbili za kawaida za pande sita: jumla ya 7 au zaidi ni kufaulu. Hiyo ni nafasi 21 kati ya 36, inatosha kumpa mtu ujasiri wa kujaribu. Dadu za pande 20 zinaweza kusubiri.

Kisha omba kikao kimoja cha majaribio, cha muda wa saa tatu, siyo ahadi ya mwaka. Andaa wahusika sita tayari ili kila mtu achague: nahodha, karani, fundi wa kushona mtepe, mkalimani, mwindaji wa tembo kutoka bara, abiria anayekimbia kitu. Kila mmoja apewe swali moja la kujibu mwenyewe, kwa mfano, "Nani Kisiwani hujamuaga?" Anayejibu swali hilo amejenga sehemu ya mji wako, na atautetea. Anza kamba za mtepe zikiwa zimeanza kuachia na maji yanaingia; maelezo ya mji yasubiri.

Panga vikao sita tu vya kwanza. Oktoba minada ya korosho ikianza, wenye mashamba watapotea, na mwezi wa Ramadhani vikao vya jioni lazima vihamie baada ya tarawehe au visimame. Kampeni yenye mwisho wa karibu inahimili mapengo hayo: mtepe umefika Sofala, deni limelipwa au halijalipwa, na kundi linaamua kama linangoja Kusi.