GPS ni ya jeshi, sisi tunadandia tu

Kuna aliyesema GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, ilibuniwa kwa ajili ya simu. Hapana, kachanganya mambo. Ni mfumo wa jeshi la Marekani mpaka leo. Wasovieti walipoitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia mwaka 1983, Rais Reagan wa Marekani akaahidi kwamba raia nao wataruhusiwa kuutumia. Hata hivyo ishara ya raia iliendelea kuchakachuliwa makusudi, ikikosea hata mita 100, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoagiza waache.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni saa zake, maana mahali ulipo hupatikana kwa kupima muda ambao ishara inasafiri kutoka setilaiti. Zile za atomiki zilizo kwenye setilaiti hutangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, kama hesabu za Einstein zinavyosema. Unaona ni kidogo? Ndani ya muda huo mwanga unakata zaidi ya kilomita 11! Wasingerekebisha, ramani ingekuwa kichekesho kesho yake tu.

Na kuna mwingine anayetaka kifaa cha kuziba ishara ya GPS ili bosi asimfuatilie: Marekani hilo ni kosa kisheria, hata ukikiwasha ndani ya gari lako mwenyewe. Vitani majeshi yanaziba yatakavyo, maana ishara ikifika ardhini imeshachoka kabisa.