Maswali ya wasomaji: Mbona alama inaruka mtaa wa pili?

Swali: Assalamu alaikum. Natengeneza mchezo wa simu wa kukimbizana ndani ya Mji Mkongwe, timu mbili za watu watano watano. Forodhani unakwenda vizuri. Tukiingia vichochoro vya Kiponda, mtu anahesabiwa kakamatwa hali yuko mtaa mwengine. Tatizo simu?
*Msomaji, Kiembesamaki*

Jibu: Waalaykumu salaam. Simu haina kosa. Forodhani mbingu iko wazi, na simu ya kawaida hukosea kiasi cha mita 5. Kichochoroni kuta za ghorofa huziba setilaiti nyingi za GPS, na mawimbi yanayopenya hugonga ukuta kwanza ndipo yafike. Njia yao imerefuka, simu haijui, ikakuweka nyumba ya tatu. Kosa la mita 30 pale si ajabu.

Android hutoa kila nukta ya mahali pamoja na kipimo cha usahihi. Kikisema mita 20, uwezekano wa kuwa ndani ya duara hilo ni asilimia 68 tu. Mara moja katika tatu mtu yuko nje. Basi tupa kisomo chenye kipimo kinachozidi mita 30, na mruko unaozidi mita 7 kwa sekunde, maana hakuna anayekimbia hivyo katikati ya vespa. Kama mchezo una vituo vya kufikia, duara la kuingia kituoni liwe mita 25, la kutoka 40. Yakilingana, aliyesimama ukingoni ataingia na kutoka bila kupiga hatua.

Lakini kukamata usiwaachie setilaiti kabisa. Simu ya kila mchezaji ionyeshe tarakimu 4 zinazobadilika kila sekunde 30. Mkamataji azisome na kuziingiza kwake. Lazima wafikiane. Bluetooth hatuipendi hapa: hupenya mlango, ikamkamata mtu aliye uani. Na akikataa kuonyesha namba? Waamue wenzake. Programu haijatengenezwa ya kumaliza ubishi wa barazani, na ubishi huo ni nusu ya mchezo.

Baraza ya mtu usiifanye kituo bila ya kumuomba mwenyewe, na milango ya misikiti iache.

Swali: Wachezaji wangu wanalalamika mchezo unamaliza bando.
*Msomaji, Wete*

Jibu: Tazama ramani kwanza, maana ujumbe wa mahali wenyewe ni mdogo. Ujumbe wa mahali wa baiti 100 kila sekunde 5 ni kilobaiti 72 kwa saa. Ukipokea za wenzako tisa, zaidi kidogo ya 700 kwa jumla. Hiyo ni kama umeacha muunganisho mmoja wazi. Ukifungua mpya kila mara, salamu za usalama, yaani simu na seva kutambuana kabla ya kuongea, peke yake hula kuliko ujumbe. Kwenye namba za mahali, desimali tano zatosha: kwetu digrii moja, ya latitudo au longitudo, ni karibu kilomita 110.6, kwa hiyo tarakimu ya tano ni mita 1.1. Picha za ramani zipakie ndani ya programu, wazipakue nyumbani kwenye waifai.