Usimshushe kiungo mzito awe beki kabla hujamtafutia mwenzake mwenye mbio

Mkuu, usimshushe. Umeandika kwamba namba tano wenu, beki wa kati, kahamia Dodoma, robo fainali ya kombe la kata ni wiki ijayo, na mna namba nane, kiungo, fundi kweli ila mbio hana, kwa hiyo mnataka acheze beki wa kati "kwa sababu anausoma mchezo". Waliokujibu hapo juu wote wanakupigia makofi. Mimi ile sentensi ya "anausoma mchezo, kasi siyo tatizo" nimeisoma damu ikanipanda, maana ndiyo hiyohiyo tuliyouziwa sisi na ikatumalizia msimu.

Aliyetuuzia ni mkufunzi mmoja, jina lake halina haja hapa. Alikuja kutupa semina ya makocha, ana kompyuta, ana mishale ya rangi kwenye ukuta, anaongea vizuri. Akasema dunia imebadilika, beki wa kati wa kisasa ni kiungo aliyerudi nyuma, mtazameni Mascherano. Tukaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyenyanyua mkono kumuuliza swali dogo tu: Mascherano alikuwa mzito lini?

Nimalizane na Mascherano kwanza, maana hata kwenye uzi huu kuna mtu kamtaja. Alitoka Liverpool kwenda Barcelona mwaka 2010 akiwa kiungo mkabaji, kocha Guardiola akamrudisha nyuma, na fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2011 pale Wembley, Barcelona ilipoifunga Manchester United 3-1, alisimama katikati ya ulinzi na Piqué. Yote kweli. Lakini alikuwa mfupi, hakuwa mzito. Mbio za mita kumi alikuwa nazo, na akiachwa alikuwa anafika kwa kuteleza. Yaya Toure, kiungo mwingine wa Barcelona, naye alicheza beki wa kati fainali ya 2009 kule Rome kwa sababu mabeki walikuwa wameumia na wengine wana adhabu. Yaya akishafungua hatua hakuna mtu aliyewahi kumwita mzito. Hao ni viungo walioshushwa. Unayemuuliza wewe ni kiungo mzito aliyeshushwa, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Sasa yetu. Tulikuwa ligi ya wilaya, huku Temeke, mimi nipo benchi la ufundi. Namba nane wetu tulimwita Fundi. Mguu wa kulia, pasi ndefu ya mshazari unaidondosha kwenye kifua cha winga bila winga kupunguza mwendo. Mbio hakuna, tangu akiwa kijana hakuna. Beki wetu mmoja akaumia goti, tukakumbuka semina, tukamshusha Fundi. Pembeni yake tukamwacha mkongwe wetu, mrefu, kifua, vichwa vyote vyake, na yeye mbio ziliisha zamani. Kwa hiyo katikati tukawa na akili na kifua, ila kasi tulikuwa nayo kwa mabeki wa pembeni tu, na hao tuliwaambia wapande.

Ukae ukijua kwamba mechi za mwanzo zilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo tulipoumia. Wapinzani walikuwa wanakaa nyuma, wanatungoja. Fundi anapewa mpira na kipa, ananyanyua kichwa, anachagua. Mashabiki wakaanza kumwita profesa. Mkufunzi alipigiwa simu akafurahi, akasema sasa pandisheni mstari wa ulinzi mpaka karibu na katikati ya uwanja, mtawabana kabisa. Tukapandisha. Beki mzito hapimwi mpira ukiwa mguuni kwake, mkuu! Anapimwa siku atakapogeuzwa, na mpaka hapo hakuna timu iliyokuwa imemgeuza.

Wa kumgeuza walikuja kwenye mechi ya kuamua nani anapanda kwenda hatua ya mkoa. Walikuwa na dogo mmoja, winga kwa asili, kocha wao siku hiyo akamweka namba tisa, mshambuliaji wa kati. Huyo dogo akianza kukimbia utadhani kasikia gari la mgambo linakuja.

Bao la kwanza nitakueleza hatua kwa hatua, kwa sababu ndilo utakalofungwa na wewe. Mpira uko kwa kiungo wao, hajakabwa na mtu. Fundi amesimama mabega yote mawili yanatazama mpira, miguu imelingana, visigino viko chini, vilevile alivyozoea kusimama katikati akiomba pasi. Akaona jamaa anataka kupiga chini, akapiga hatua mbili mbele aikate. Kule katikati ya uwanja hatua hizo mbili ndizo zilizompa jina: akiikata pasi anaanzisha shambulizi, akiikosa yupo mtu nyuma yake. Safari hii nyuma yake alikuwepo kipa peke yake, tena mbali, kwa sababu kipa naye hatukuwa tumemwambia atoke golini. Jamaa hakupiga chini. Akauinua ukapita juu ya bega la Fundi. Mpaka Fundi asimame, azungushe nyonga, apate mguu wa kuanzia, dogo keshapita na anaangalia kona gani aweke.

Tazama vizuri hapo. Fundi aliusoma mchezo. Alijua pasi inakuja na alijua inakwenda kwa nani. Kusoma hakukumsaidia kwa sababu mwili wake ulikuwa umesimama kikiungo. Kila anayekwambia "kusoma mchezo kunafidia kasi" anasahau kwamba kunafidia pale tu mtu anapoanza kukimbia mapema kuliko mwenzake, na ili aanze mapema lazima awe amesimama ubavu, mguu mmoja nyuma, tayari kurudi. Hilo halifundishwi kwa wiki moja. Mtu aliyecheza kiungo miaka yote mguu wake unakwenda mbele kwenye mpira bila kuulizwa, na ndicho tulichompendea.

La pili linaniuma zaidi. Kipa wao aliweka goli kiki, dogo akasimama nyuma kabisa ya mabeki wetu, peke yake. Fundi na mkongwe wakanyoosha mikono kwamba ameotea, benchi zima tukasimama tunamfokea kibendera. Kibendera akatulia bendera chini, na alikuwa sahihi. Sheria ya 11 haina kuotea kwa mtu anayepokea mpira moja kwa moja kutoka goli kiki, wala wa kurusha, wala kona. Na mshambuliaji akiwa kwenye nusu ya uwanja wake vilevile haotei, kwa hiyo mstari wetu uliopanda mpaka karibu na duara la kati ulikuwa unamgawia dogo nusu uwanja ya kukimbia bure. Wenye mbio wanaweza kupandisha mstari na wakakosea na bado wakawahi. Sisi tulipandisha mstari kwa watu wawili ambao wakikosea hawawahi.

Kipindi cha pili mpira mwingine ukapita juu, Fundi akaona keshaachwa, akashika jezi. Alikuwa mtu wa mwisho, nje ya boksi, refa hakuwa na la kujadili: nyekundu. Sikumlaumu hata siku moja. Mtu mzito aliyewekwa mahali pa wenye mbio mkono utakwenda kwenye jezi tu, hana kitu kingine cha kutumia.

Halafu hesabu ya hasara inaanza. Unadhani tulipoteza beki? Beki wa kati tulikuwa hatuna tangu mwanzo. Tulichopoteza ni kiungo. Tangu alipotoka katikati hapakuwa na mtu wa kutuliza mpira, wapinzani wanauchukua haraka, wanaurudisha haraka, na kila mpira unaopotea katikati unakuja kumkuta yeye yuko nyuma, peke yake, na dogo mwenye mbio. Tulimtoa mahali anapozuia hatari isianze tukampeleka mahali hatari inapofika ikiwa imeshakomaa. Kwa kuhamisha mtu mmoja tuliharibu namba mbili. Na mashabiki waliokuwa wakimwita profesa walimzomea mpaka kwenye gari. Baada ya hapo alikuja mazoezini mara chache, kisha akaacha. Mchezaji bora niliyewahi kufanya naye kazi kwa karibu aliacha mpira kwa sababu ya mishale ya rangi ya mtu ambaye hakuja hata kutazama ile mechi. Nikimkumbuka huyo mkufunzi mpaka leo mate yananikauka. Nasikia bado anazunguka na semina, na bado anamtaja Mascherano.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na sitaibadilisha hata mkinitolea majina mia: usimpime kiungo wako, mpime atakayesimama naye. Kama yupo mwenye mbio wa kumkimbilia, zungumza. Kama hayupo, mwache alipo.

Mtaniambia Laurent Blanc. Sawa, na mimi nampenda. Alianza kama kiungo wa kushambulia pale Montpellier, akarudishwa nyuma, mbio za kutisha hakuwa nazo, na Kombe la Dunia la 1998 Ufaransa ilifungwa mabao 2 tu mashindano yote. Lakini nani alisimama pembeni yake? Marcel Desailly. Kulia Thuram, kushoto Lizarazu. Blanc alikuwa anaongoza, anaupitisha mpira, na ikitokea mbio wapo watu watatu wa kukimbia kwa niaba yake. Mwaka 2001 Manchester United wakamuuza Jaap Stam kwa Lazio, wakamleta Blanc akiwa na miaka 35. Akili ileile, mguu uleule, Desailly hayupo. Kufikia mwanzoni mwa Desemba walikuwa wamefungwa ligi na Bolton, Liverpool, Arsenal, Newcastle na Chelsea, na Waingereza wakachukua herufi za kwanza za timu hizo wakaandika jina lake. Jipangie mwenyewe uone.

Au ya juzijuzi, Casemiro, kiungo mkabaji. Ligi ya Mabingwa mara 5 akiwa na Real Madrid, kuna mtu atasema hausomi mchezo? Mei 2024 United ikaishiwa mabeki, akawekwa katikati na Jonny Evans mwenye miaka 36. Crystal Palace wakawafunga 4-0. Bao la kwanza Olise wa Palace alimpita kirahisi mpaka nikageuza uso. Tatizo halikuwa Casemiro peke yake. Tatizo ni wawili wazito kukaa pamoja na uwanja wazi mgongoni kwao.

Daley Blind, naye mbio hana, alidumu United pembeni ya Smalling, na Ajax ya 2019 pembeni ya De Ligt, timu iliyompiga Real Madrid 4-1 kwake. Kila ukimtafuta mzito aliyefaulu pale, mtazame wa pembeni yake.

Kama mwenzake mwenye mbio yupo, basi mambo manne yasimamie. Mstari usipande zaidi ya nusu ya nusu yenu. Mpinzani mwenye mpira akiwa hajakabwa, mabeki wote wanaanza kurudi kabla hajapiga, hata kama wanaona aibu kurudi. Akikabwa ndipo wanasimama. Na kipa atoke, asimame karibu na mstari wa boksi mpira ukiwa mbali, awe yeye wa kufagia ile mipira mirefu. Na huyo namba nane asiende kuikata pasi kabla hajatazama mgongoni. Mfundishe achelewe, amsindikize mtu pembeni, asijirushe. Akijirusha akakosa hana mbio za kurudi.

Ila ningekuwa wewe ningefanya kingine. Chukua beki wako wa pembeni mwenye mbio kuliko wote, mwingize katikati, pembeni tafuta kijana yeyote mwenye nidhamu. Namba nane abaki namba nane. Ukitaka ile pasi yake ianzie nyuma, aje aichukue kati ya mabeki wawili mpira ukiwa kwa kipa wenu, aipige, kisha arudi kwake mbele. Tangu 2019 sheria inaruhusu goli kiki ichezwe ndani ya boksi, kwa hiyo hilo linawezekana, japo kwenye viwanja vyetu vya mchanga mpira unadunda unavyotaka na mimi nisingelifanya bao likiwa 0-0 dakika za mwisho.

Uliuliza pia kuhusu mfumo wa 3-5-2 na mazoezi ya vichwa, na namna ya kumshawishi mwenyewe kwa kuwa hataki. Mambo ya 3-5-2 na vichwa wapo humu wanaoyajua vizuri kuliko mimi, watakujibu. Kwamba yeye mwenyewe hataki, mkuu, msikilize. Huenda ndiye pekee kwenye kikao chenu anayejua miguu yake.

Leo jioni mazoezini mchukue huyo namba nne, beki wa kati anayebaki, msimamishe mstari wa katikati pamoja na winga wako mwenye kasi kuliko wote, wote wawili wametazama mbali na goli. Piga mpira mrefu uende nyuma yao, wageuke, wakimbie mpaka kwenye boksi. Rudia mpaka wachoke, maana dakika ya 80 ndiyo inayofunga watu. Halafu kabla hujatangaza kikosi njoo hapa utuambie nani alikuwa anafika kwanza.