Usiku wa Leo ni Saa Ngapi?

Wiki hii jarida limewauliza wasomaji wake: "Je, wanandoa hupumzika vizuri zaidi wakitulia mahali pamoja, au wakiwa safarini?" Nililisoma swali hilo mara mbili nikiwa kazini, nikaona kwamba siwezi kulijibu kwa mistari michache, kwa kuwa mimi na mume wangu tumejaribu njia zote mbili. Jibu langu ni safari, tena safari ndefu, ya kuvuta trela ya kulala hadi kaskazini kabisa ya Kanada wakati wa kiangazi. Naomba nieleze sababu yake, kwa maana sababu hiyo sikuitarajia hata mimi mwenyewe.

Tunaishi Edmonton, mji wa magharibi ya Kanada. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mume wangu ni wa Korogwe. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, naye anaendesha lori la mizigo na huondoka nyumbani alfajiri. Kwa miaka mingi tulikuwa tukikutana mlangoni, yeye anatoka na mimi naingia. Chupa moja ya chai ilitutosha sote wawili: mimi nilikunywa kikombe cha mwisho kabla ya kulala, yeye akanywa cha kwanza kabla ya kuwasha gari. Mtoto wetu alipokwisha kukua na kuhama, tuliamua kupumzika kwa wiki moja katika hoteli ya ufukweni, nchi ya joto, pamoja na chakula chote. Wiki ile ilinisikitisha. Miili yetu ilikuwa imezibeba zamu zetu hadi kule: mchana mimi nililala naye akatembea ufukweni peke yake, na usiku yeye alilala huku mimi nimekaa barazani nikihesabu taa za meli. Tulikuwa tumelipia chumba kimoja na bado tukaendelea kupokezana kitanda.

Mwaka uliofuata tulinunua trela kuukuu, yenye kitanda, jiko la gesi la plati mbili na madirisha mawili makubwa, tukaondoka katikati ya Juni. Kwenda tu ni karibu kilomita 3,400. Kutoka Edmonton hadi Dawson Creek ni kama 600, na hapo ndipo inapoanzia Barabara Kuu ya Alaska, ambayo tuliifuata hadi Whitehorse. Kisha tulipanda hadi Dawson City, mji uliokua ghafla baada ya dhahabu kuonekana katika kijito jirani mwaka 1896, na kutoka karibu na hapo tukaingia Barabara ya Dempster, ambayo ni changarawe tupu kwa zaidi ya kilomita 700, hadi Inuvik. Mbele ya Inuvik kuna kipande kingine cha kama kilomita 140, kilichofunguliwa Novemba 2017, kinachofika Tuktoyaktuk kwenye Bahari ya Aktiki. Kabla ya hapo hapakuwa na barabara ya mwaka mzima ya kufika huko: wakati wa baridi magari yalipita juu ya barafu, na wakati wa kiangazi watu walipanda ndege au boti.

Mume wangu alianza maisha ya barabarani akiwa utingo wa malori kati ya Tanga na Arusha. Huku ughaibuni lori halina utingo, dereva yuko peke yake tangu anapofunga mzigo hadi anapoufungua. Jioni ya pili ya safari, tulipofika kwenye kambi ya chemchemi za maji moto za Liard, aliniambia, "Mama Zuhura, shuka, leo utingo ni wewe." Nafasi tuliyopewa ilikuwa nyembamba, kati ya miti miwili ya misonobari. Anayerudisha trela nyuma hukata usukani kinyume: akitaka trela iende kushoto, anaukata kulia, tena kidogo kidogo, kwa sababu akichelewa kuunyoosha trela hujikunja kama kisu. Tulikubaliana kwamba nisimame pale tu ninapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni, na asiponiona asimame hapo hapo bila kuuliza. Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikaushusha, nikaunyoosha wa kulia. Mara ya kwanza aligusa tawi. Mara ya tatu trela ikaingia. Ilituchukua dakika 20, na nilipokwenda dirishani kwake nilitambua kwamba kwa miaka mingi sikuwa nimemtazama usoni kwa muda mrefu namna ile bila mmoja wetu kuangalia saa.

Baadaye tulikwenda kukaa ndani ya maji yale, ambayo ni ya moto kweli, kati ya nyuzi 42 na 52, yakiwa katikati ya msitu. Tulikuwa tumewaona nyati wa Marekani wakipumzika kando ya lami, wakubwa na wasiojali magari, na dubu mweusi mmoja akila majani. Kwa sababu ya dubu tulijifunza kutoacha chochote nje, hata sufuria iliyopikiwa wali.

Kabla ya kufika Liard tulikuwa tumesimama penye mto Sikanni Chief, na hapo naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili sikulifahamu nami nimeishi Kanada miaka mingi. Barabara Kuu ya Alaska ilikatwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, kuanzia Machi hadi Oktoba, kwa hofu kwamba Wajapani wangeivamia Alaska. Walioifanya kazi hiyo walizidi askari 10,000, na karibu theluthi moja yao walikuwa watu weusi, waliotengwa katika vikosi vyao. Kimoja cha vikosi hivyo, kikosi cha 95, kilinyimwa sehemu kubwa ya mitambo yake, ikapewa wengine, kikaachiwa mashoka, misumeno na sepetu. Na kwa zana hizo askari wake walijenga daraja la magogo juu ya mto ule wa maji ya barafu kwa muda wa siku tatu. Mwezi Oktoba, mahali vikosi viwili vilipokutana upande wa kaskazini na njia ikaunganika, mmoja wa askari wawili waliopeana mikono mbele ya tingatinga alikuwa Koplo Refines Sims, mtu mweusi wa kikosi cha 97. Daraja lile la magogo halipo tena. Mume wangu alisimama kando ya mto, akatazama kingo zake kwa jicho la mtu anayejua uzito wa gogo, kisha akawaombea dua kwa sauti. Nami niliitikia.

Sasa nirudi kwenye swali. Kadiri tulivyokwenda kaskazini ndivyo usiku ulivyopungua. Whitehorse ilibaki na giza jepesi, Dawson City ikabaki na jioni isiyokwisha, na baada ya kuvuka Duara ya Aktiki, kwenye kilomita ya 405 ya Barabara ya Dempster, jua halikuzama kabisa. Sisi Waswahili tunaihesabu saa kwa jua: saa moja ni saa ya kwanza baada ya kucha, na saa moja nyingine ni ya kwanza baada ya kuchwa. Mahali ambapo hakuchi wala hakuchwi, saa yetu haina pa kuanzia. Mwili wangu uliozoea kukesha ulitafuta giza la kulilinda ukalikosa, na wa mume wangu ulitafuta alfajiri ya kuondokea ukaikosa vilevile. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hapakuwa na zamu ya mchana wala ya usiku, ikabidi tuketi na kukubaliana usiku ni saa ngapi.

Nilikuwa nimebeba doti moja ya kanga, kanga mbili, nikazining'iniza kwenye yale madirisha mawili makubwa, kwa vibanio vya nguo. Jina la kanga zile ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jua la usiku lilipozipiga kwa nje, maandishi yalisomeka kinyume upande wa ndani, mekundu, na ndani ya trela ukaingia mwanga wa rangi ya chungwa, kama wa kibatari. Kila siku, baada ya chakula, mume wangu aliniuliza swali lilelile: "Mama Zuhura, usiku wa leo ni saa ngapi?" Siku nyingine nilisema saa tatu, siku nyingine saa saba. Nilipokwisha kutaja saa, tulizishusha kanga pamoja, yeye dirisha lake na mimi langu, tukalala, na tuliamka pamoja. Huo ndio usingizi ninaouita mapumziko.

Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Dempster haina huruma na matairi. Barabara imejengwa juu ya tuta nene la changarawe ili joto lisiiyeyushe ardhi iliyoganda chini yake, na baadhi ya mawe yake ni membamba yenye makali ya kisu. Kaskazini ya Duara ya Aktiki, saa sita usiku kwa saa ya ukutani, tairi la kushoto la trela lilipasuka. Mume wangu alilegeza nati kabla ya kupandisha jeki, kama alivyofundishwa na dereva wake miaka 40 iliyopita, nami nikaweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, nikawa nampungia mbu kwa mtandio. Mbu wa kule ni wengi mno, huingia hadi puani. Jua lilikuwa limeinama karibu na milima, kivuli cha trela kimelala mbali juu ya tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, na kwa zaidi ya saa moja halikupita gari hata moja. Sikuogopa. Nati ya mwisho ilipokazwa alinipa spana niijaribu mwenyewe, nikaisukuma kwa uzito wangu wote, haikusogea. Kwa atakayekwenda na trela, nasema wazi: beba matairi mawili ya akiba badala ya moja, jaza mafuta kila unapoyakuta kwa kuwa vituo viko mbali mno, na panga vitu vizito mbele ya magurudumu ya trela, kwa sababu uzito ukikaa nyuma trela huyumba na inaweza kulivuta gari likatoka barabarani.

Mto Peel na Mto Mackenzie huvukwa kwa pantoni wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi. Pale Peel, nilipoliona gari letu likishuka taratibu kwenye mteremko wa udongo kuingia pantoni, nilikumbuka kivuko cha Pangani kwenda Bweni, na namna mama yangu alivyokuwa akinishika mkono hadi tufike ng'ambo.

Inuvik kuna msikiti. Ni mdogo, wa mbao, na ulijengwa Winnipeg, ukasafirishwa mwaka 2010 kwa lori na jahazi la mizigo, mwendo wa kama kilomita 4,000. Kabla yake Waislamu wachache wa mji huo walikuwa wakiswali ndani ya trela ndogo. Huko jua halizami kwa zaidi ya siku 50 kila kiangazi, kwa hiyo nilikuwa nimejiuliza njia nzima kuhusu Magharibi na Isha. Tulielezwa kwamba wenyeji hufuata nyakati za Edmonton. Nilisimama safu ya wanawake nikiswali Magharibi mchana kweupe, kwa saa ya mji wangu mwenyewe, saa ambayo kwa miaka mingi ilinikuta nikivaa sare ya kazi huku mume wangu amelala, na safari hii yeye alikuwa safu za mbele.

Tuktoyaktuk tulikaa siku mbili tu. Ni kijiji cha Wainuvialuit, wenyeji wa asili wa pwani ile, hakina miti, lakini ufukweni kumejaa magogo yaliyoletwa na Mto Mackenzie kutoka misitu ya kusini. Karibu na kijiji kuna vilima vyenye kiini cha barafu, kimoja chao kina urefu wa karibu mita 50. Bahari inaula ufuko wa kule kama inavyoula wa kwetu Pangani, na jambo hilo lilinitia huzuni. Tulivua viatu tukaingia majini hadi magotini, kwa muda wa kuhesabu kumi, tukiwa tumeshikana mikono.

Tuliporudi niliwaomba wakubwa wangu wanipunguzie zamu za usiku, wakanikubalia mbili kwa wiki. Trela imeegeshwa nyuma ya nyumba, kanga sikuziondoa. Ijumaa iliyopita mume wangu alinitumia ujumbe akiwa kwenye kituo cha malori, kilomita mia tatu kutoka nyumbani, akiuliza usiku wa leo ni saa ngapi. Nilimjibu kwamba ni saa tano, nikamwekea chakula, nikamsubiri.