Maswali Yenu: Ndege Ipi Italipa?

Wengi walioniandikia wiki hii wanaendesha mashirika ya ndege ya kwenye simu na kompyuta, na karibu wote wamekwama palepale: hela ipo, inunuliwe ndege gani?

Swali: Nina milioni 80 kwenye gemu ya Airline Manager 4. Nichukue ndege moja kubwa au nne ndogo?

Jibu: Usianze na ukubwa, anza na siku. Gawanya bei ya ndege kwa faida inayobaki kila siku baada ya kutoa mafuta, matengenezo na mishahara. Tuseme ndogo ni milioni 20 na inabakiza laki nne kwa siku: itarudisha hela yake kwa siku 50. Kubwa ya milioni 80 inabakiza milioni moja na laki mbili: siku 67 hivi. Ndogo nne zitakuingizia milioni moja na laki sita kila siku, na moja ikiingia karakana, tatu zinaendelea na kazi. Chukua ndogo. Ila jiangalie na wewe mwenyewe. Kwenye gemu hii ndege haiondoki mpaka uiruhusu. Kama unashika simu asubuhi na usiku tu, ndogo za safari fupi zitashinda zimelala uwanjani, na hapo kubwa ya safari ndefu ndiyo inayokufaa.

Swali: Kila mtu ananiambia ninunue Airbus A380, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili. Kweli inalipa kuliko zote?

Jibu: Inalipa ikijaa. Fungua ruti uone ni abiria wangapi wanataka kusafiri kwa siku, halafu linganisha na viti. Ruti ya abiria 300 haiwezi kulisha ndege ya viti zaidi ya 500, na injini nne zinakunywa mafuta hata viti vikiwa vitupu. Mashirika ya kweli nayo yalilemewa: mwaka 2019 Airbus ilitangaza kuacha kuiunda, na ya mwisho ikakabidhiwa shirika la Emirates Desemba 2021.

Swali: Dar–Zanzibar niweke pangaboi au jeti?

Jibu: Pangaboi. Ni kama kilomita 70 tu. Jeti haijamaliza kupaa imeshaanza kushuka, na kupaa ndiko kunakokula mafuta. ATR 72-600 ya viti 70 hivi inatosha kabisa. Dar–Mwanza, zaidi ya kilomita 800, ni habari nyingine: jeti inaokoa nusu saa hivi kila upande, na ikiruka kutwa inaweza kupata mzunguko wa ziada. Mzunguko huo ukiwa na abiria, jeti imeshinda.

Swali: Vipi ndege kuukuu za bei chee?

Jibu: Swali hili nalipenda, maana wachezaji wengi wanazidharau bure. Allegiant Air, shirika la ndege la Las Vegas, Marekani, ilirusha jeti kuukuu za MD-80 kwa miaka mingi na kupata faida, mpaka ilipozistaafisha Novemba 2018. Zilinunuliwa kwa bei ndogo, hivyo zikikaa chini siku zisizo na abiria haziumizi. Zinaruka siku za watalii wengi. Ndege mpya ya mkopo inadai marejesho iruke isiruke. Mfano, jeti mpya ya Airbus A320neo inatumia mafuta pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko A320 ya zamani, lakini akiba hiyo huioni mfukoni mpaka ndege iruke saa nyingi. Kwa hiyo kuukuu iende kwenye safari chache, mpya kwenye ruti isiyolala.

Swali: Nichanganye aina nyingi za ndege?

Jibu: Kwenye gemu ya AirlineSim, hapana. Rubani huajiriwa kwa familia moja ya ndege, yaani kundi la ndege za muundo mmoja, kwa hiyo kila familia mpya inataka watu wake. Jaza ndege za familia moja kwanza, ndipo uongeze nyingine.

Swali: Nijaze viti vya daraja la biashara?

Jibu: Kwenye Airline Manager 4 kiti kimoja cha biashara kinachukua nafasi ya viwili vya kawaida, cha daraja la kwanza vitatu. Nauli ya biashara isipozidi mara mbili ya kawaida, au ya daraja la kwanza mara tatu, au abiria wa daraja hilo wasipokuwepo, weka vya kawaida.

Swali: Mafuta yameniishia na bei iko juu. Nifanyeje?

Jibu: Kwenye Airline Manager 4 bei hubadilika kila nusu saa. Nunua ya kurushia ndege zenye faida nono tu, nyingine zisubiri. Ikishuka, jaza tangi lote. Na kama tangi lako ni dogo, kabla ya kununua ndege nyingine, ongeza tangi.