Rudi chumbani, kaka

"Dada, nina miaka 61, nauza mahindi Kibaigwa. Miezi saba iliyopita niliondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Tangu hapo uume hausimami. Nalala sebuleni, namwambia mama watoto mgongo unauma. Sasa anasema nina mwanamke Dodoma mjini. Nifanyeje?"

Pole sana, kaka. Nianze na wifi yangu, maana umemwacha atafute mwenyewe sababu ya wewe kuhama kitanda, na aliyoipata inamuumiza kuliko ugonjwa wako. Leo usiku rudi chumbani. Mwambie: "Mama watoto, sina mwanamke. Tangu upasuaji mwili haunitii, nikaona aibu kukwambia." Utatoka jasho, lakini yaseme.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita ubavuni kabisa mwa tezi dume. Hata daktari akiinusuru hujeruhika kiasi, na kupona kwake huweza kuchukua mwaka na nusu hadi miwili. Miezi saba bado ni mapema. Sikufichi, wapo wasiorudia hali yao ya zamani. Lakini kama korodani zako zipo na hupewi dawa za kushusha homoni, hamu haijaondoka. Na kufika kileleni kunawezekana hata uume usiposimama! Wengi hawaambiwi hili. Shahawa hazitatoka tena, kwa kuwa vifuko vyake huondolewa pamoja na tezi, kwa hiyo msishtuke. Mkojo kidogo ukichuruzika, siku nyingine kojoa kwanza, mtandike khanga ya zamani.

Msiufanye kila usiku kuwa mtihani wa kusimama. Mkande mgongo, naye akukande. Mkiishia hapo, mmelala pamoja.

Kisha nenda naye kliniki ulikofanyiwa upasuaji, au muulize daktari wa mkojo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kuna vidonge, kuna pampu, kuna sindano. Taja kila dawa unayotumia: ukiwa na dawa za moyo za jamii ya nitrati, vidonge hivyo ni marufuku, presha inaweza kushuka ghafla ukafa.

Ndiyo maana nakusihi uachane na unga wa nguvu za kiume unaouzwa stendi. Baadhi huchanganywa kimyakimya na vidonge hivyohivyo vya hospitali, wala hujui ni kiasi gani. Kama umeshauanza, acha leo, na daktari umwambie.